Mguu wa Dada Aneth

Tunduma, Jumatano

Na bado mimi ndiye mbaya. Leo wamemkata dada Aneth mguu, chini ya goti.

Alipoacha vidonge vya kisukari akaanza dawa ya chupa ya muuzaji mmoja wa sokoni, nilimsihi: "Dada, mwambie akuonyeshe hata mtu mmoja aliyepona." Akasema sitaki apone, namwonea wivu.

Jioni dada alipozinduka wodini, mama alinigeukia mbele ya wagonjwa wote. "Ulimnenea mabaya mpaka yakampata. Umeridhika sasa?"

Nikamtazama dada, nikitegemea atanitetea. Alifumba macho. "Mama, mwambie atoke."

Nikatoka. Mlangoni nilipishana na muuzaji mwenyewe, amekuja kutoa pole. Nikamsikia mama akimkaribisha kwenye kiti nilichokuwa nimekalia tangu asubuhi.