Wazalendo wa Kwenye Sufuria

Jumatatu, 13 Januari 1986

Darasani baridi tupu. Tumeandika tukiwa na glavu mikononi. Insha: "Familia yetu inavyoisaidia Romania kulipa deni la nje." Kurasa mbili nzima! Nimeeleza kwamba tunawasha balbu moja tu. Kwamba nyama inauzwa ng'ambo ili deni liishe, kisha machungwa yatarudi madukani. Naamini yatarudi.

Nimeandika pia habari ya jana. Baba na Anko Costin, rafiki yake wa kiwandani, walipanga foleni tangu alfajiri, wakapata miguu ya nguruwe. Baba akaiinua juu ya sufuria: "Wazalendo hawa! Nguruwe mzima kakimbilia ng'ambo, wao wamegoma kuondoka!" Anko Costin alitokwa na machozi. Yalimgusa, nadhani.

Jumanne, 14 Januari

Nimechaguliwa kusoma mbele ya mkaguzi!

Nilipofika kwenye wazalendo, waliokaa viti vya nyuma wakacheka. Ndugu Mwalimu Zamfira akawa mweupe kama chaki. Mkaguzi akauliza, kwa upole kabisa, maneno hayo ni ya nani. Nikasimama wima kama tulivyofundishwa.

"Ya baba yangu, Ndugu!"

Kwa sauti kubwa. Kwa fahari! Mkaguzi akaitia insha mkobani.

Kwenye ngazi Ndugu Mwalimu aliniinamia: "Mwanangu, ule ulikuwa utani."

Utani. Nimelirudia neno hilo njia nzima. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 16 Januari

Baba ameitwa ofisini kiwandani. Alisimama wima saa mbili, akisomewa maneno yake yote, hata lile la kugoma. Ameondolewa kwenye mashine aliyoishika miaka kumi na moja. Sasa anapakia makreti ya kwenda ng'ambo, nje, kwenye theluji.

"Nani kakuchoma?" mama aliuliza.

"Jikoni tulikuwa wangapi? Costin! Nimekula naye sahani moja, nyoka yule."

"Na huyu Ilinca?"

Baba akanishika kichwa, akacheka kidogo. "Huyu? Huyu hata utani haelewi."

Nilikuwa nakata mkate. Nikaendelea kukata.

Jumamosi, 18 Januari

Mchana huu mlango umegongwa. Baba akachungulia kitundu. "Ni yeye. Mwambie sipo." Akaingia chumbani.

Anko Costin, pua nyekundu, kifurushi mkononi. Foleni tangu asubuhi. "Mwambie baba yako wazalendo wawili wamekuja kumsalimia." Hakucheka. "Ilinca, tangu juzi ananipita kama nguzo. Nimemkosea nini, mwanangu?"

Nimesema baba hayupo.

Ametazama viatu vya baba hapo mlangoni, theluji bado inayeyuka juu yake. Akanipa kifurushi. Nimefunga mlango. Mimi! Nimemfungia.

Hajaondoka. Namsikia akipigapiga miguu kwa baridi. Naandika nimeegemea mlango, kifurushi mapajani, daftari juu yake. Ni sentensi moja tu: si Anko Costin, ni mimi. Ile nyingine niliisema mbele ya darasa zima, na sauti haikutetemeka.

Baba anauliza kutoka chumbani: "Kaenda?"