Mifuko ya Kaki ya Madam Rael

Madam Rael,

Barua huanza kwa kuuliza hali, ndivyo ulivyonifundisha, lakini hali yako siwezi kuiuliza. Basi nitaanza na yangu. Mimi ni mzima. Maktaba ni nzima. Vumbi la Nakuru bado linaingia hata madirisha yakifungwa, na bado nalipangusa kwa kitambaa kikavu, si chenye maji, usije ukafufuka ukanikemea.

Nimechelewa kukuandikia. Tangu tukuzike nimekuwa nikiongea nawe kichwani nikipanga vitabu, na wasomaji wananiangalia midomo inavyocheza. Lakini wiki hii kumetokea jambo ambalo nilitaka kukwambia wewe, na wewe tu, kwa sababu aliye hai sina wa kumwambia. Utaona kwa nini.

Kwanza mazishi yako. Ungeyapenda, ingawa ungelalamika kuhusu matope. Molo ilikuwa imenyeshewa, malori ya viazi yameichimba ile barabara ya kwenu mpaka tukashuka tukatembea. Mama mboga walifunga vibanda vyao wakaja. Mzee Harjit wa duka la hadwea alikuja na kilemba chake na gamboti za kuazima, akasimama kwenye baridi ile mpaka mchanga wa mwisho. Mhubiri alisema ulikuwa mtunza vitabu mwaminifu. Mama mmoja nyuma yangu akajibu kwa sauti, "Vitabu gani? Huyu alitutunza sisi." Hakuna aliyemnyamazisha. Mimi nililia hapo, Madam, si kaburini. Kaburini nilikuwa nimekauka.

Sijawahi kukushukuru sawasawa. Ulikuwa mkali, na mtu mkali ni vigumu kumshukuru, anakukata maneno katikati. Sasa huwezi kunikata.

Nilikuja kwako nikiwa msichana wa shule ya msingi kutoka Kaptembwo, na sweta la dada yangu. Kadi ya maktaba ilitaka mdhamini mwenye kazi ya kueleweka. Baba alikuwa mtu wa mjengo, leo anaitwa, kesho haitwi. Ukaniuliza, "Nani atakusimamia?" Nikaangalia sakafu. Ukachukua kalamu ukajiandika wewe mwenyewe, ukasema, "Usiporudisha nitakuja Kaptembwo kwa miguu, na mimi nikitembea hukasirika." Nilidhani umenifanyia mimi peke yangu. Kumbe ulikuwa umewasimamia watoto wa mtaa mzima, na mkubwa wako alipokuita kukuuliza ni wangapi, ulimwambia kuhesabu si kazi yako, kazi yako ni kusomesha. Ukamsumbua hadi ile kanuni ya mdhamini ikaondolewa. Leo mtoto wa Kaptembwo anaingia hapa kama mtoto wa matajiri wa Milimani, na hajui kwamba kuna mtu aligombana kwa ajili yake. Mimi najua, na ndiyo maana niliporudi kutafuta kazi sikutaka kwingine.

Unakumbuka mifuko? Nacheka peke yangu nikiikumbuka. Wale watu wazima wa darasa lako la kusoma na kuandika la Alhamisi walikuwa wakienda nyumbani na vitabu vya picha, vya paka na jogoo, na njiani wanachekwa. Mama mmoja akaacha kuja. Wewe ukaenda kwa Mzee Harjit ukaomba mifuko ya kaki, ile ya kuwekea misumari, na kuanzia siku hiyo hakuna kitabu kilichotoka hapa kikiwa uchi. Si cha mama mboga, si cha wakili. Wakili alilalamika, unamkumbuka, akasema yeye hana cha kuficha. Ukamwambia, "Wewe huna. Aliye nyuma yako kwa laini anaweza kuwa nacho. Beba." Wote wakawa sawa. Yule mkulima wa Njoro alisema watu wa kwao wanashangaa mbona ananunua misumari kila wiki na nyumba haiongezeki.

Na yule bwana aliyekuja na hasira, akitaka tutoe kitabu fulani rafuni kwa sababu kinaharibu watu. Ulimkaribisha kiti. Ulimsikiliza mpaka akachoka. Kisha ukamwambia, "Usipokipenda kiache hapo, kimngoje anayekipenda." Nilikuwa nimesimama karibu na nikaogopa. Leo maneno hayo ndiyo ninayowaambia wafanyakazi wapya, na naona na wao wanaogopa.

Sasa jambo lenyewe. Linamhusu mwenyekiti wa kamati yetu ya maktaba. Jina lake siliandiki, hata kwako, hata kwenye barua ambayo hakuna atakayeisoma. Wewe unamjua kuliko mimi.

Alikuwa tayari tajiri wa malori alipokuja kwako mara ya kwanza, na alikuwa hajui hata herufi. Makarani walimsomea karatasi zake za mizigo, naye akiwaambia wote kwamba amesahau miwani. Ulimfundisha saa ya chakula cha mchana, kwenye kile chumba cha kurekebishia vitabu, akiingia kwa mlango wa nyuma. Mimi nilileta chai nikamkuta, mtu mzima mwenye koti zuri, kidole kwenye picha ya jogoo. Ulinitoa nje ukaniambia, "Njeri, ulichoona hukukiona." Hukurudia. Na mwaka ule alipoitwa kanisani kusoma neno mbele ya watu, akasoma polepole lakini akasoma, tulikuwa tumekaa pamoja. Nilikugeukia nione unavyofurahi. Ulikuwa unaangalia viatu vyako. Hukutaka mtu hata mmoja akuone ukifurahi, asije akajiuliza kwa nini.

Basi, mwezi uliopita alikuja kaunta. Ana binti aliyemaliza fomu foo juzi, msomaji kweli kweli. Akaniambia, "Njeri, msichana wangu anabeba hii mifuko yenu kila wiki. Hebu niangalizie kwa kompyuta ni nini anasoma. Uniambie tu, mimi ni babake."

Nikamwambia, "Mzee, yeye ana kitambulisho, ni mtu mzima. Na hata kama hangekuwa nacho, siwezi."

"Mimi ndiye chairman."

"Najua, mzee."

"Sawa. Tutaongea kwa meeting."

Na binti anasoma nini? Hata wewe sikwambii. Ungenipiga kofi.

Tangu uondoke mimi nakaimu nafasi yako, na ni kamati hiyohiyo inayotakiwa kupendekeza kama nibaki au aletwe mtu mwingine. Hilo lilininyima raha. Lakini ajenda ilipokuja nikaona ni mbaya kuliko nilivyofikiri. Haikuwa ya binti yake tu. Ilisema kwamba mzazi, mume au mwenye nyumba akiuliza watu wake wanasoma nini, aambiwe. Mume, Madam! Nikawafikiria akina mama wa Alhamisi. Yupo mmoja muuza omena ambaye mumewe anadhani anaenda chama cha akina mama. Siku yake ya kwanza hapa alilia kwa sababu aliweza kusoma jina lake ubaoni. Kanuni hiyo ikipita, huyo hatarudi, na wenzake watamfuata. Na hawatatuambia wameacha. Tutaona tu viti vitupu.

Mama yangu nilimweleza kidogo, bila majina. Akaniambia, "Kwani wewe unachezea unga wako kwa sababu ya kitabu cha mtu? Si umwambie huyo baba akalale." Ana haki. Yeye ndiye aliyekula njaa nisome.

Halafu likaja wazo lingine, na hili ndilo nililotaka kukwambia. Nilikuwa na silaha. Sentensi moja tu, ndani ya kikao, "Mwenyekiti, ungependa tuwaambie watu wako na wewe ulikuwa unasoma nini hapa?" na ajenda yake imekufa, na yeye amekufa nayo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iliyobaki ni mimi peke yangu. Nilitembea kutoka Kaptembwo hadi mjini nikiionja ile sentensi mdomoni. Ilikuwa tamu. Nikaibadilisha, nikaifanya ya upole, nikaifanya ya fumbo, kila ilivyokuja ilikuwa tamu vilevile. Nilijiambia ni kwa ajili ya wale mama. Ilikuwa kweli, lakini pia nilitaka kumwona akiona haya.

Kikao kikafika. Akaisoma ajenda mwenyewe, kwa sauti, bila kukwama. Mwalimu mmoja mstaafu akaunga mkono, akasema watoto wa siku hizi heri ujue mapema. Nikaomba kusema. Kabla sijaanza mwenyekiti akaniambia, "Njeri, wewe bado ni mgeni kwa hii kazi. Marehemu Madam Rael, Mungu amlaze pema, angekuwa hapa tungeelewana dakika moja. Yule mama hakuwa na siri na mimi."

Madam, mdomo wangu ulifunguka. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno. Na unajua ni nini kilinizuia? Si wema. Nilikumbuka uso wako kanisani. Ulikuwa na furaha ambayo mwalimu yeyote angeitangaza, na ukaikunja ukaiweka, kwa sababu haikuwa yako kuitoa. Nikaona kwamba nikimfichua yeye ili nimlinde binti yake, nitakuwa nimeshaipitisha ile kanuni yake kwa mkono wangu mwenyewe. Kila aliyekaa pale angetoka akijua kwamba mtu wa maktaba akibanwa, husema.

Kwa hiyo nikamwambia, "Mzee, angekuambia hapana. Halafu angekupa chai."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaendelea. "Kila mtu anayeingia hapa anaingia akijua hatutamsema. Tukimsema mmoja, tumewasema wote, wa leo na wa zamani. Mkitaka kanuni hiyo, pitisheni. Lakini tafuteni mtu mwingine wa kuitekeleza. Mimi sitaweza." Nikakaa.

Mwenyekiti alivua miwani, na miwani hiyo sasa anaihitaji kweli, akaipangusa kwa muda mrefu kwa ncha ya tai. Mwalimu mstaafu akauliza kama tupige kura. Mwenyekiti akasema, "Hapana. Ni kweli yule mama angekataa. Hii tuitoe. Next agenda ni gani? Mabati?" Tukaongea mabati.

Watu walipotoka akabaki. Akafunga mlango. Alikuwa anaangalia dirishani, si mimi.

"Njeri. Yule mama aliwahi kukuambia kitu chochote kunihusu?"

Nikamwambia, "Kitu gani, mzee?"

Akanigeukia akanitazama. Sikujua nifanyie nini uso wangu, nikaufanya wa mtu aliyechoka na anayetaka kwenda nyumbani. Akatazama mpaka akaridhika, au akaamua kuridhika, sijui. Yale mabega yakashuka, Madam. Mzee mzima, nikamwona anapumua.

"Hakuna," akasema. "Alikuwa mama mzuri."

"Sana, mzee."

Akafika mlangoni akasimama. "Huyu msichana wangu. Anasoma sana?"

"Anasoma, mzee."

"Basi sawa," akasema, na akatabasamu namna ambayo sijawahi kumwona akitabasamu. Hilo la mwisho nilimjibu, unisamehe. Nilifikiri baba anaweza kupewa hilo.

Sijasikia lolote kuhusu kuthibitishwa kazini. Pengine wataleta mtu mwingine. Wakimleta, nitamwonyesha mifuko iko wapi kisha nitamweleza kwa nini. Akina mama wa Alhamisi walikuja kama kawaida, wakapiga kelele kama kawaida, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba kulikuwa na kikao. Hiyo ndiyo furaha niliyoipata, na sasa naelewa kwa nini uliangalia viatu.

Asante kwa kunisimamia nilipokosa wa kunisimamia. Asante kwa ukali. Asante hata kwa siku ulizonirudisha kupanga rafu nzima upya kwa sababu ya kitabu kimoja. Nilikulaani kimoyomoyo, na nadhani ulijua.

Kwaheri, Madam wangu. Pumzika huko baridini kwenu. Nami nakuahidi hivi: yeyote atakayekuja kuniuliza mwenzake anasoma nini, awe baba, awe mume, awe bosi, atanikuta mimi ndiye mtu mjinga kuliko wote Nakuru.

Wako,
Njeri