Jumbe Ameanguka Kitandililo

Yoeli, jumbe mzee ameanguka. Efraimu amemwangusha baba mkwe wake mwenyewe. Dereva wa lori la Njombe ananisubiri, naandika mbio.

Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, alitupanga mistari mchana kweupe tuchague jumbe, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Efraimu akasimama kwa Kristofa, mpinzani wa mzee. Alitaka kumtisha mzee kidogo tu, apunguze kutulimisha barabara. Kumbe kila mtu alitaka kumtisha kidogo tu!

Kristofa akatangazwa jumbe. Hakuna aliyeshangilia, Yoeli. Hakuna.

Efraimu akataka kuhamia mstari wa mkwewe. Mzee akamwambia polepole, bila hasira, "Baki hapo hapo, mkwe. Umeshasimama."

Baki hapo hapo!

Festo, jirani yake mstarini, akacheka: "Sasa vinyungu utalima bonde la nani, bwana mkubwa?" Unajua lile bonde la bustani za kiangazi ni la mzee.

Nyumbani Efraimu akamkuta mkewe Tabea amefunga mzigo, watoto kando yake. "Siwezi kumpikia mtu aliyempa baba kisogo." Mpaka sasa amekaa tu, ugali niliompelekea umepoa mbele yake.

Barabara tunailima Jumatatu, Kristofa ameshatangaza. Efraimu amepoteza mke, watoto wawili na bonde la vinyungu.