Ua la Lukresia

Kifanya, Njombe

Kamwene, mjukuu wangu Rejoice,

Mimi nasema, jirani yetu Priska anaandika. Viazi vimekubali, ila baridi imeunguza maharage.

Lile ua la zambarau aliloliona marehemu mama yako akilima kinyungu chake, kile kishamba cha bondeni, akawapeleka watafiti hadi lilipo, limepewa jina la mjomba wako Methodi! Yeye aliwabebea mabegi tu. Sasa ananikwepa kwa aibu.

Nilimuuliza mtafiti, "Na Lukresia wangu je?"

Akafunua karatasi. "Tumemtaja, bibi. Hapa: mwanamke mwenyeji."

"Baba, mwanamke mwenyeji hana kaburi. Mwanangu analo. Twende ukasome jina."

Akainama. Akasema jina la ua likishatangazwa halibadilishwi.

Basi nimeng'oa shina moja, nimelipanda kaburini, chini ya msalaba wenye jina lake. Lakini huko juu ni kukavu, linanyauka. Kila asubuhi nalipandishia ndoo ya maji ya bondeni. Wewe unayesomea mimea huko Morogoro, njoo unionyeshe ninapokosea, lisije nalo likanifia.

Mimi niliyemzaa mama yako,
Bibi Asteria