Gego la Redio

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Jirani ameniambia umeanza tena kuinama bustanini, nami nimemwomba akufichie jembe. Huku mwili ni mzima. Ya moyo usiniulize, maana ya kwangu na ya kwako ni yaleyale.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu sitaiweza, Mama. Nikisikia tu ile "haloo" yako nitaangua kilio, na hili ninalotaka kukuambia litaishia kooni.

Nianze na unayoyajua. Uvimbe ulipomla mdogo wangu taya, madaktari waliukata, wakaondoka na kipande cha mfupa. Redio wetu, aliyekuwa akiongea tangu jogoo la kwanza, akanyamaza. Nikamtania kwamba umeme umekatika. Akaniandikia kwa kidole kwenye kiganja changu kwamba betri zipo.

Ndipo mkuu wetu wa maabara alipoamua kwamba lile gego lake la mwisho, lililoota kwa upande, ling'olewe litumike. Lilipong'olewa, kazi ya maabara niliifanya kwa mikono yangu. Nililipasua, nikatoa nyama laini ya ndani, tukaziotesha seli zake kwenye visahani. Wenyewe tunaziita seli shina, kwa kuwa zikilishwa vizuri huweza kuchipua mfupa. Sehemu ngumu tukaisafisha, tukaisaga ikawa unga, kisha vyote viwili vikapandwa kwenye pengo. Nilipomweleza, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaniandikia, "Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Langu si la pembe, ni la nyumbani."

Na pengo likaziba, Mama. Ulimwona mwenyewe akitafuna karanga huku anahadithia, ukamkemea asije akapaliwa. Akarudi kwenye kazi yake ya kupaka rangi nyumba. Tulimsihi apumzike kidogo. Akasema ukuta haujui mgonjwa. Ngazi ikateleza. Daktari aliyempokea aliniambia, akidhani ananifariji, kwamba taya halikuguswa. Mpaka leo sijui niyaweke wapi maneno yale.

Siku ya mazishi uliniita pembeni ukaniuliza kama lile jino nalo limo, maana ulitaka mwanao azikwe kamili kama ulivyomzaa. Nikakuambia limo, liko tayani mwake. Ukasema, "Basi hakuna kilichobaki. Nimemaliza." Kisha ukakaa chini. Nilikujibu nilivyojua, Mama. Sikukudanganya.

Sasa lisome hili ukiwa umekaa. Niliporudi kazini, mwenzangu wa meza ya pili, yule mama mnyamavu tunayemwita Bi Polepole, hakunipa pole wala nini. Alinishika mkono akaniketisha mbele ya hadubini. Nikaona seli zimetandaa vizuri, nikauliza ni za mgonjwa gani. Akanieleza kwamba siku ya upasuaji zilibakizwa kidogo za akiba, pamoja na ule unga, kama zilizopandwa zingekataa kushika. Alipoambiwa azitupe, kwa kuwa mwenyewe amefariki, mikono ilimgomea. Akamwomba mkuu asubiri nirudi, akawa anazibadilishia maji yake ya chakula.

"Ni za Redio," akaniambia. "Hazijui."

Ziko hai, Mama. Mwanao tumemzika, na seli zake bado zinakula. Zimeung'ang'ania unga wa jino lake na zimeanza kugeuka mfupa, kipande kidogo kama punje ya chumvi, kwa ajili ya pengo ambalo tumeshalifukia.

Mkuu anasema neno ni letu. Zinaweza kutunzwa kwenye baridi, zinaweza kupewa watafiti, au tuziache zife na kile kipande tukizike. Ananitaka niseme mimi, nami nimeshindwa. Nikisema zife, nitahisi nimemuua kwa mkono wangu. Nikisema ziishi, kila siku nitakwenda kumlisha mdogo wangu asiyejua kwamba nipo. Wewe ndiye uliyemzaa. Ulisema umemaliza, na mimi ndiye ninayekufukulia kaburi. Nisamehe, Mama, sikuwa na mwingine wa kumwambia.

Leo nimezilisha mwenyewe, kisha nikabaki nimeziinamia. Nilikuwa nasubiri, unaamini? Kimya kabisa. Hilo ndilo lililonivunja: kitu cha Redio, kizima, hakisemi neno.

Msalimie jirani, na jembe aendelee kulificha. Usijibu kwa haraka. Utakalosema nitalifanya, liwe lolote, ila njoo uzione kwanza, uje ukae nami hata kidogo. Ulisema hakuna kilichobaki, nami nilikuwa nimesimama pale pale.

Ni mimi,
Mwanao aliyebaki