Barua za Ukurasa wa Saba Zimejaa Kwenye Droo

Safu hii inaandikwa na mzee anayesoma lugha zote sita za gazeti hili, tena bila miwani. Haya, acheni kucheka. Lugha ni mbili, na miwani ninayo. Ya pili, ya milimani, nilifundishwa na mama mkwe wangu wakati akinigombeza, ndiyo maana matusi yake nayajua yote na salamu naokoteza. Wiki hii hata hayo makombo yamenifaa. Someni barua.

*Mzee wetu wa ushauri, nakuja kwako kwa sababu nimekwama na hapa ofisini sina wa kumwambia, mimi ndiye mpanga kurasa wa gazeti hilihili, hata jibu lako nitalipanga mwenyewe, na ukurasa wa saba, ule wa lugha ya milimani, alikuwa anauandika dada mmoja aliyegombana na mhariri kuhusu likizo akaondoka, mhariri akaniambia jaza chochote mpaka tupate mwingine, basi mimi lugha hiyo siijui hata neno, nikachukua kurasa za mwaka jana nikawa nazirudisha moja baada ya nyingine, nabadilisha tarehe ya juu tu, na sasa ni wiki ya kumi na moja hakuna aliyepiga simu wala aliyekuja mlangoni, ila barua zinakuja, nyingi, kwa lugha hiyohiyo, na kwa kuwa hakuna wa kuzisoma nazitia kwenye droo chini ya rula na gundi, halafu juzi kikaoni mhariri akasema, "Wiki kumi na moja tunajaza chochote na hakuna aliyelia. Ukurasa hausomwi. Ijumaa naufuta, nafasi naipa michezo," akanigeukia, "Au kuna malalamiko?" nami nikasema hakuna, bosi, na droo iko hapa gotini, haifungiki. Nikisema ukweli kazi sina, nikinyamaza ukurasa haupo. Nimeambatisha barua moja, labda utaielewa. Nifanyeje?*

*Mwenye Droo*

Mwanangu Mwenye Droo, nakusuta kwanza, huruma baadaye, maana nikianza na huruma hutamaliza kusoma.

Barua uliyoambatisha niliisoma mistari miwili nikatoka jasho. Nikampelekea mama mkwe, ana miaka themanini na tisa na anakaa kwangu. Akaileta karibu na pua, akanitafsiria kwa sauti: "Mmetangaza daktari wa macho anakuja zahanati Jumanne. Tumeshuka mlima watu wanne, mmoja tumemshika mkono. Tumekuta kufuli. Mnatucheka?"

Sasa sikiliza. Mama mkwe naye alikwenda zahanati Jumanne hiyo. Alirudi na vumbi mpaka magotini akaniambia, "Mkwe, gazeti lenu linarudia mambo ya mwaka jana." Nami, mkwe mwema, nikamjibu, "Mama, gazeti halirudii. Ni umri." Tangu hapo hajagusa gazeti. Nilidhani amenuna, kumbe alikuwa anajiogopa.

Alipomaliza kusoma aliikunja barua taratibu. "Na hawa wanne," akasema, "nao ni umri?"

Jibu naliomba kwako. Wewe unalo?

Unasema hakuna aliyepiga simu. Angepiga aongee na nani, wakati anayepokea simu hapo hajui hata "hujambo" ya kwao? Watu waliandika kwa lugha ya ukurasa wenyewe, walivyozoea. Kosa la kwanza ni la aliyekwambia ujaze chochote, na kwa kuwa Jumamosi gazeti likitoka atasoma hapa, shikamoo, mhariri. Lakini ile "hakuna, bosi" ni yako peke yako.

Safu hii unaipanga Alhamisi, ukurasa unafutwa Ijumaa. Basi ukifika nukta ya mwisho, simama. Chomoa droo nzima, pamoja na rula na gundi, kaiweke mezani kwa mhariri. Usihutubie. Sema, "Malalamiko yapo. Nilidanganya." Inawezekana akakufukuza, sikufichi. Ila akija kuyajua Jumamosi kwa kuyasoma kwangu, hapo hata mimi nitamsaidia kukufukuza. Wala usithubutu kuing'oa safu hii, nakala anayo mama mkwe.

Halafu mhariri ampigie simu yule dada, ampe likizo yake, amwombe arudi. Dada azisome barua zote, azijibu. Ukurasa wake wa kwanza uanze kwa kufuta lile tangazo: daktari hakuja, tumewapotosha, tarehe ya kweli tumeiuliza zahanati na ni hii hapa.

Na wewe una deni langu dogo, maana umenifanya nimwite mama wa mke wangu mzee aliyepotewa na akili. Chini ya tangazo hilo, kwa lugha yake, niwekee mstari mmoja: "Mama, haukuwa umri." Kumwambia mwenyewe nimejaribu mara tatu, kila mara naishia kuuliza kama chai ina sukari. Herufi ziwe kubwa, tafadhali. Daktari wa macho bado hajaja.