Nani Alale Nyuma ya Ukuta

Jumatano, 30 Aprili

Geti la mteja wa Milimani bado sijamaliza kulichomelea. Stima imepotea mara mbili leo. Mwenye geti amepiga simu, nikamwambia rangi inakauka. Rangi yenyewe sijanunua.

Habari kubwa iko nyumbani. Kocha Njeri amemwambia Jeruto ataanza Jumamosi, beki wa kati. Mke wangu ana miaka thelathini na mmoja. Mara ya mwisho kucheza ilikuwa kabla binti yetu Ivy hajazaliwa, na Ivy sasa anasoma gredi ya pili. Tangu Januari anafanya mazoezi na timu ya akina dada wa mtaa, kimyakimya, akirudi anapika kama hakuna kilichotokea.

Masharti ya kocha: mechi mbili za kumpima. Kisha orodha ya wachezaji kumi na wanane inafungwa na kupelekwa kwa wenye ligi. Haifunguliwi tena hadi mwakani. Jeruto amesema asipoingia mwaka huu, viatu anampa mtu. Alisema hivyo akikuna karoti, bila kuniangalia. Yeye hasemi jambo mara mbili.

Nataka aingie. Nataka kuliko ninavyoonyesha.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, na mimi nimefanya kazi.

Benchi la nje ya karakana limejaa kutwa. Nililichomelea mwenyewe kwa ajili ya wateja, lakini wanaokalia ni mashabiki. Mada ni moja: beki mpya. Mzee Ochieng, aliyestaafu kiwandani na sasa anafanya kazi ya kubisha, amesema beki wa miaka thelathini na mmoja ni kama gari la mitumba. Bodi unaiona, injini utaijua mlimani. Anajua fika ni mke wangu. Amesema kwa sauti ili nisikie. Mama Otis, anayeuza mboga hapo kwa mlango wangu, amemuuliza yeye injini yake ilizimwa mwaka gani. Vijana wa boda wamecheka hadi mmoja akamwaga chai.

Nimechomelea kwa hasira na bawaba imekaa upande.

Jumamosi, 3 Mei

Mechi na Njoro. Sare, moja kwa moja.

Niandike kwa utaratibu. Mpira wa kwanza wa juu Jeruto aliupiga kichwa ukavuka nusu ya uwanja. Vijana wa boda walisimama juu ya pikipiki. Dakika sabini nzima hakuna mtu wa Njoro aliyepita kwake. Tulikuwa tunaongoza. Nilimwona akiwapanga wenzake kwa mkono, wewe huku, wewe kule. Mwanamke ambaye nyumbani hunong'ona. Nilijivuna, nakubali.

Halafu mmoja wetu akamwangusha mtu hatua chache nje ya boksi. Mpira wa adhabu. Ukuta wa watu wanne, Jeruto katikati, mrefu kuliko wote. Mpigaji akaja, ukuta ukaruka, mpira ukapita chini ya viatu vyao kama paka chini ya geti. Sharon, kipa wetu, hakuuona hadi ulipokuwa wavuni.

Dakika sabini zikasahaulika hapo hapo. Mtu nyuma yangu akasema huyo mpya ndiye aliyeruka wa kwanza. Uongo. Waliruka pamoja wote wanne. Nilitaka kugeuka, sikugeuka.

Jumapili, 4 Mei

Hata kanisani wameongea ukuta. Jeruto ameweka barafu gotini.

Jumatatu, 5 Mei

Siku mbaya, na nimeitengeneza kwa mikono yangu.

Benchi lilianza saa tatu asubuhi. Mzee Ochieng: ukuta hauruki, ukuta unasimama, hata jina linasema. Vijana: usiporuka mpira unapita juu. Mama Otis: waruke wawili, wabaki wawili. Kelele. Mimi sijawahi kucheza zaidi ya shule ya msingi, lakini mpira wa televisheni sikosi wikendi hata moja, kwa hivyo mimi ni mtaalamu. Nikachukua shiti ya chuma ya lile geti la Milimani, nikachora boksi kwa chaki, nikapanga nati nne kuwa ukuta. Nyuma yake nikalaza bolti moja. Nikawaambia mtu mmoja alale chini nyuma ya ukuta, halafu ukuta uruke unavyotaka. Juu wamefunga, chini kumefungwa.

Mzee Ochieng alikubali kwa kichwa, na huyo hukubali mara moja kwa mwaka. Akauliza tu nani atakayekubali kulala kwenye matope mbele ya watu. Hapo nilikuwa nimeshika moto. Nikasema alale mgeni, wenyeji wamezoeana kwenye ukuta. Nikaandika kabisa kando ya bolti, herufi kubwa: MGENI.

Kocha Njeri alikuwa nyuma yangu. Alikuja kuchukua kulabu za wavu nilizomtengenezea. Akapiga picha mchoro kwa simu, akasema asante fundi, akaenda.

Mama Otis alingoja afike mbali. Kisha akaniuliza polepole, "Baba Ivy, kwani mgeni kwa hiyo timu ni nani?"

Ulimi hauna mfupa. Nilifuta chaki kwa shati. Picha iko kwa simu ya kocha.

Jumanne, 6 Mei

Sijasema kitu nyumbani. Mwoga mimi. Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Jeruto amerudi mazoezini na matope upande mmoja, kutoka sikio hadi kifundo cha mguu. Ivy amecheka. Mimi sikuweza. Ameomba maji ya kuoga, akasema kocha ana mpango mpya, yeye atakuwa analala nyuma ya ukuta. Nikauliza, "Kulala vipi?" kama mjinga. Amenitazama kidogo, akaingia kuoga.

Jioni nilienda kununua sukuma. Mama Otis hakunipimia hadi aliponimaliza kwa maneno. Aliniuliza kocha alimtaka Jeruto kwa sababu gani. Urefu. Na kichwa chake. Sasa urefu huo uko wapi? Chini. Waliobaki kwenye ukuta ni wafupi watatu na Brenda, na Brenda ndiye anayegombea nafasi hiyohiyo ya beki. "Wewe umelaza mti ukasimamisha nyasi," akasema. Akaniongezea dania bure, ndipo nikajua ananihurumia.

Yuko sawa. Jumamosi kocha atamtazama Brenda akiruka, na mke wangu ataonekana mgongo. Jumapili orodha inafungwa. Akikosa, ni chaki yangu.

Ugali umenishinda leo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimesema. Nilingoja Ivy atoke kwenda kwa jirani, nikakaa kwenye stuli ya jikoni, nikasema, "Ile mambo ya kulala, ni mimi. Nilichora. Hata ile mgeni ni mimi niliandika."

Jeruto aliendelea kuchambua mchele. "Najua. Kocha alituonyesha picha. Kidole chako chenye ile plasta kiko hapo kwa kona."

Tangu jana anajua. Nikauliza mbona hakusema. Akasema alikuwa anangoja aone nitakaa nayo siku ngapi. Alinikadiria wiki.

Aibu yangu ilikuwa kubwa lakini mwili ukawa mwepesi. Nikasimama nivae viatu, niende kwa kocha nimwambie mchoro ni wa makosa, mrefu asimame na mfupi alale. Nilikuwa tayari kuyasema hata mbele ya benchi, na Mzee Ochieng angeyatumia hadi Krismasi. Jeruto akanizuia. "Wacha. Kuna kitu nimeona huko chini." Nimeuliza ni kitu gani. Amesema kesho. Akarudi kwa mchele wake.

Nina wasiwasi. Lakini ni wasiwasi wa watu wawili sasa, na huo unabebeka.

Jumamosi, 10 Mei

Gilgil sifuri, sisi moja.

Uwanja ulikuwa uji mtupu. Jeruto alicheza vizuri, Brenda pia alicheza vizuri, nikamchukia Brenda bila sababu. Amenisalimia vizuri tu asubuhi.

Tulifunga mapema. Dakika za mwisho Gilgil wakapewa mpira wa adhabu, karibu palepale kama wiki iliyopita. Mzee Ochieng alinishika mkono bila kujua. Ukuta ukapangwa, Brenda katikati. Jeruto akalala nyuma yao. Kundi la Gilgil likapiga kelele za kumcheka. Lakini hakulala nilivyochora mimi, mgongo kwa mpira. Alilala uso kwa mpira, kidevu kwenye matope, akichungulia katikati ya miguu ya wenzake.

Mpigaji akaanza kukimbia. Nikasikia sauti ya mke wangu, kubwa, ambayo sijawahi kuisikia: "Kulia! Sharon, kulia!"

Sharon alikuwa ameanza kwenda kushoto. Akarudi. Mpira ulipita juu ya ukuta ukielekea kona ya kulia, akaugusa kwa vidole, ukatoka nje. Nilimkumbatia Mzee Ochieng. Baadaye tulikanusha wote wawili.

Nyumbani ndipo akanieleza. Kipa nyuma ya ukuta haoni kitu, anaona migongo. Aliyelala anaona mguu ule mpigaji anaousimamia, na unapoelekea ndipo mpira unapoenda. Aliona hivyo mazoezini Alhamisi, mara nne kati ya tano, na hakumwambia mtu ila Sharon. Mchoro wangu haukuwa na hilo. Mimi nilidhani nimeweka gogo la kuzuia mpira. Benchi limeanza kunipa sifa. Nimewaambia ukweli, si mimi, ni yeye. Mzee Ochieng amesema hilo alilijua tangu mwanzo.

Orodha kesho.

Jumapili, 11 Mei

Kocha Njeri ametuma orodha saa nane mchana. Jeruto alinipa simu nisome mimi. Nilisoma kutoka juu. Brenda wa tatu. Sharon wa kwanza, bila shaka. Nikafika kumi, kumi na nne, nikaanza kusoma polepole.

Wa kumi na nane. Wa mwisho kabisa. Jeruto.

Hakuruka, hakulia. Alichukua simu akasoma mwenyewe, akaiweka kifudifudi mezani, akaenda kuanua nguo. Alikaa nje muda mrefu kwa nguo chache vile. Nilimwacha.

Mvua imeacha. Ivy anachora miguu, miguu mitupu bila watu, kama mama yake alivyoiona kutoka chini. Jumamosi timu inaenda Naivasha, wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia Jeruto uji nitapika mimi. Kisha nikamuuliza kabla ya mechi hunywa na sukari au bila. Tumeoana miaka tisa, na sikuwahi kuuliza.

Bila, amesema. Ndimu kidogo tu.